Mashine ya sumaku ya kichwani na kuacha ulevi: maswali mnayoniuliza sana huku Mtwara na Lindi

Mimi ni muuguzi, nipo upande wa afya ya akili huku Mtwara, na tangu ile klipu ya jamaa aliyevishwa kofia ya waya alafu anasema kaacha sigara ianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp simu yangu haipumui. Nimeyakusanya maswali hapa ili mtu akiuliza namtumia tu. Msimamo wangu nautanguliza kabisa: mashine ipo kweli, sio utapeli, na kwa baadhi ya watu inasaidia, ila inasaidia tu, na kwa mtu wa huku kwetu msaada huo uko mbali wakati vitu vinavyookoa maisha viko karibu na watu hawavifuati.

Hii mashine ni kitu gani hasa?

Ziko za aina mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ndo kubwa, inaitwa TMS, ilianzia Sheffield kule Uingereza mwaka 1985 kwa Anthony Barker na wenzake. Ni koili ya waya imefunikwa na plastiki, inawekwa juu ya kichwa, umeme ukipita mle ghafla unazaa nguvu ya sumaku, na ile sumaku inapenya nywele, ngozi na fuvu bila kuchana chochote, ikifika kwenye ubongo inaamsha umeme mdogo kwenye seli za pale pale. Nguvu yake inakaribia ya mashine ya MRI, ile ya kupiga picha ndani ya mwili, kama tesla 1.5 mpaka 2, ila kila pigo ni la muda mfupi mno na haliendi mbali, koili za kawaida zinaishia sentimita 2 au 3 hivi. Zipo na zile zinazovaliwa kama helmeti, hizo zinaingia ndani kidogo zaidi.

Ya pili inaitwa tDCS, hii ni ndogo, sponji mbili zimeloweshwa maji ya chumvi zinafungwa kichwani, unapitishwa umeme wa miliampia 1 au 2 kwa dakika 20 mpaka 30. Ni umeme mdogo sana, haulazimishi seli kufanya kazi kama sumaku inavyofanya, unazisogeza tu ziwe tayari. Bei yake ni ndogo na ushahidi wake kwenye ulevi nao bado dhaifu, kwa hiyo nikisema mashine huku chini nazungumzia ile ya sumaku.

Si ndo zile shoti za umeme za kwenye muvi, mtu anafungwa kitandani?

Hapana. Ile ni matibabu mengine, mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi alafu anasababishiwa degedege kwa makusudi chini ya uangalizi, na ina wagonjwa wake wanaoihitaji. Kwenye hii ya sumaku mtu yupo macho, amekaa kwenye kiti, anaongea, akimaliza anaondoka kwa miguu yake. Degedege hapa ndo kitu tunachokiepuka.

Ulevi ni tabia tu, ubongo unaingiaje?

Hili naulizwa zaidi na wazee, kina mjomba, na huwa wanaliuliza kwa hasira kidogo. Iko hivi. Pombe, nikotini, heroini, kokeini, vyote vinaongeza dopamini, ile kemikali ya raha, kwenye sehemu za ndani za ubongo, na ubongo unajifunza haraka kwamba hiki kitu ni muhimu kuliko chakula. Upande wa pili kuna gamba la mbele, hapa nyuma ya paji la uso, ndo linalokwambia subiri, fikiria ada ya mtoto. Mtu akitumia kwa miaka anakuwa kama pikipiki ambayo mafuta yamekaza na breki zimelegea, dereva anaijua kona na anaiona ila hasimami. Wataalamu wa sumaku wanalenga hizo breki, hasa upande wa kushoto wa gamba la mbele, wanazipigapiga kila siku ziamke.

Wazo hili lilipata nguvu mwaka 2013, kuna utafiti wa panya waliokuwa wanaifuata kokeini hata wakipigwa shoti miguuni. Seli za gamba lao la mbele zilikutwa zimezubaa, watafiti walipoziamsha kwa mwanga wale panya wakapunguza kuitafuta. Sasa mjomba atasema mimi sio panya, na yuko sahihi, ndo maana twende swali linalofuata.

Imethibitishwa kwa binadamu au ni maneno?

Inategemea kilevi gani, na hapa ndo watu wanadanganywa sana.

Sigara ndo ina ushahidi mzuri kuliko vyote. Mwezi wa nane 2020 FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu mashine ya kampuni ya BrainsWay itumike kusaidia watu wazima kuacha sigara. Waliangalia jaribio la watu 262, wengi walishajaribu kuacha wakashindwa, karibu nusu wakapewa mashine halisi na waliobaki mashine ya kuigiza inayolia vile vile ila haipigi ubongo. Kila siku za kazi kwa wiki 3, alafu mara moja kwa wiki kwa wiki 3 nyingine, na kabla ya kupigwa walioneshwa kwanza vitu vya kuamsha hamu ya sigara, na walikuwa wanapewa maongezi mafupi ya kuwatia moyo. Mpaka wiki ya 18, walioacha kweli kwenye mashine halisi walikuwa asilimia 19.4 na kwenye ya kuigiza asilimia 8.7. Ukitaka kuisifia unasema ni zaidi ya mara mbili, na ni kweli. Ila hesabu na upande wa pili, kati ya watu 100 waliopigwa mashine halisi kama 80 hivi hawakufika kwenye kuacha. Yule wa kwenye klipu ni mmoja wa wale 19, wale 80 hawajirekodi video.

Pombe majibu yanapishana. Sweden walijaribu kwa watu 56, matokeo yakatoka 2020, waliopata mashine halisi na waliopata ya kuigiza wote walipunguza kunywa sawasawa, yani mashine haikuongeza kitu. Wengine wakalenga sehemu tofauti ya ubongo wakatoa matokeo 2022, hao wakaona siku za kunywa sana zimepungua zaidi kwa mashine halisi, ila watu wenyewe walikuwa wachache. Kwa hiyo sehemu inayopigwa ina maana kubwa, sio unaweka koili popote.

Kokeini ilianza kwa kelele, Italia 2016, watu 32 tu, matumaini yakawa makubwa, majaribio yaliyofuata yenye mashine ya kuigiza hayakukubaliana. Heroini bado ni tafiti ndogo ndogo. Bangi na mirungi usinitumie tena lile swali, hakuna cha maana cha kukwambia uende nacho kwenye mashine.

Ukikaa kwenye kiti inakuwaje?

Unavua hereni, vibanio, kofia, simu unaiweka mbali. Unawekewa vizibo masikioni kwa sababu ile koili inapiga kelele kweli, ta-ta-ta-ta kama mtu anagonga bati kwa kijiti. Kwanza wanatafuta kipimo chako. Wanasogeza koili kwenye eneo la ubongo linaloendesha mkono, wanapiga pigo moja moja wakiwa wanakuangalia kidole gumba, kikishtuka chenyewe bila wewe kutaka wanaandika namba. Hapo kila mtu ana namba yake, na dozi yote inahesabiwa kutokea kwenye hicho kidole. Alafu koili inahamishwa mbele kidogo, mapigo yanakuja kwa mafungu, sekunde kadhaa inapiga, sekunde kadhaa kimya, mpaka dakika 20 au 30 ziishe. Zipo programu mpya za dakika 3 tu, hizo zimeshakubalika kwenye sonona. Ngozi ya kichwa inadonwadonwa, jicho au taya linaweza kucheza. Ukitoka unaweza kwenda kazini.

Mjomba wetu wa Newala anakunywa nipa (gongo ya mabibo) toka asubuhi. Familia tukichanga apelekwe kwenye mashine atapona?

Dada aliyeniuliza hili alinieleza kitu kimoja, kwamba mjomba asubuhi kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili na bado inamwagika, mpaka apate nipa ndo mikono inatulia. Swali la mashine likaishia hapo hapo kwangu, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba mwili wake ushazoea pombe kiasi kwamba ikikatwa ghafla unaweza kumuua.

Sikilizeni vizuri hapa maana msimu wa mabibo ndo unavyokuwa. Oktoba mpaka Desemba korosho zinaokotwa, mabibo yanabaki, uraka, ile pombe ya mabibo isiyopikwa, upo kila kona na nipa inapikwa, bei chini, alafu hela ya mnada imeingia, mtu anakunywa wiki nzima mfululizo. Hela ikiisha au akiugua akaacha ghafla, ndani ya saa 6 mpaka 12 anaanza kutetemeka, kutoka jasho, moyo kwenda mbio. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili mpaka ya nne wengine wanachanganyikiwa, wanaona wadudu ukutani, wanaongea na watu wasiokuwepo, homa inapanda. Nyumbani mnasema kapandwa na majini au karogwa, mnamfungia ndani. Huyo anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo. Pale atapewa dawa za kutuliza kwa dozi inayoshushwa taratibu, atapewa vitamini B1, maji, atapimwa na sukari, na dawa zote hizi ni za kawaida, hazihitaji sumaku ya Ulaya.

Na mtu aliye kwenye hali hiyo ukimweka kwenye mashine ndo unaongeza hatari, kwa sababu ubongo wake ushakaribia degedege na sumaku nayo inaweza kulisukuma. Kwa hiyo hata huko inakopatikana, sumu inatoka kwanza mwilini, mtu anatulia, ndo mashine inazungumziwa.

Jingine la nipa: mtu akisema macho yanaona ukungu mweupe baada ya kunywa msisubiri asubuhi, hiyo inaweza kuwa pombe yenye methanoli, macho yanaondoka moja kwa moja. Viroba, zile pombe kali za paketi, vilipigwa marufuku mwezi wa tatu 2017 na watu wakashangilia, ila mtambo wa nipa wa nyuma ya nyumba hauna wa kuupima.

Mwanangu anatumia unga. Mashine inaondoa arosto?

Mama yangu, pole sana. Hapana, kwa unga, yani heroini, njia ya kwanza sio mashine, ni methadoni, dawa inayokaa badala ya unga. Ilianza Muhimbili mwezi wa pili 2011 na baadaye kliniki zikasambaa mikoa mingine, inatolewa bure. Ni ya kunywa, mara moja kwa siku, mbele ya muuguzi, arosto (yale mateso ya kukosa unga) inatulia, kijana haamki akitafuta kete, anaweza kula, kulala, kufanya kazi. Wapo wanaosema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi, mimi nawaambia nendeni mkaone waliokaa kwenye methadoni miaka na waliokaa kijiweni miaka alafu tuongee.

Kuna kifaa kingine kidogo kinabandikwa nyuma ya sikio, FDA walikiruhusu 2017 kwa ajili ya arosto, kinapitisha umeme kwenye mishipa ya fahamu ya sikio kwa siku chache. Lakini hicho kina visindano vinavyoingia kwenye ngozi, na kazi yake ni kukuvusha zile siku mbaya, hakizuii mtu kurudi wiki ya tatu.

Na wewe mama kuna jambo moja nataka ulijue kuliko yote. Kijana akikaa bila unga wiki kadhaa, iwe sobahausi, iwe mahabusu, iwe ulimfungia chumbani, mwili unasahau. Akirudi akatumia kipimo kile kile cha zamani anaacha kupumua. Vifo vingi vinakuja hapo, kwenye kurudi. Ukimkuta hashtuki, midomo imebadilika rangi, anakoroma kwa mbali sana, mlaze ubavu na umkimbize hospitali, useme ukweli kwamba katumia unga maana dawa ya kugeuza ipo, naloksoni, ila lazima waambiwe. Usifiche kwa kuona aibu.

Nani hatakiwi kabisa kupigwa hiyo sumaku?

Mwenye chuma kichwani au karibu na kichwa, klipu ya mshipa wa ubongo, vipande vya risasi, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio. Mwenye pesimeka, kile kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, anatakiwa aseme mapema. Mwenye kifafa au aliyewahi kupata degedege, aliyewahi kuumia ubongo vibaya (madereva wa bodaboda mnisikie), mjamzito aongee na daktari kwanza. Na aliyelala masaa mawili tu usiku kucha au aliyekunywa jana. Meno yaliyozibwa hayana shida, hilo naulizwa sana sijui kwanini.

Madhara yake?

Kichwa kuuma na ngozi ya kichwa kuuma, hayo ndo ya kawaida, panado inatosha na wiki ya pili wengi wanazoea. Masikio yakiachwa bila vizibo yanaweza kuumia. Degedege ni nadra, chini ya mtu mmoja kwa kila elfu moja kwa waliochaguliwa vizuri, na kwa watu wetu wa pombe nimeshaeleza kwanini hiyo hesabu isikutulize. Haikaushi ubongo, haifuti kumbukumbu, haikufanyi uwe mtu wa kutumwa.

Nimeona vifaa vya kichwani vinauzwa mtandaoni, na kuna fundi hapa Masasi anasema anatengeneza kwa betri. Ninunue?

Usinunue. TMS yenyewe ni mashine ya kukaa hospitali na mtaalamu, hakuna mtu anakuuzia hiyo kwa bei ya simu, kinachouzwa ni mfano wa tDCS au takataka kabisa. Wanaojifungia sponji wenyewe wanaungua ngozi, wanaweka upande usiotakiwa, na sponji ikiwa upande wa pili matokeo nayo yanaweza kugeuka. Huyo fundi wa betri ni fundi mzuri wa redio nina hakika, abaki huko.

Nikiuza korosho zangu msimu huu naipata wapi?

Hapa ndo nataka twende taratibu. Sio huduma ya kwenda kuomba dirishani kwenye hospitali ya wilaya. Inahitaji kwenda siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa, ukikatisha katikati dozi imeharibika. Mtu wa Tandahimba au Liwale atalala gesti mji wa mbali mwezi mzima, bila kazi, bila ndugu, mfukoni ana hela ya korosho na chini ya gesti kuna baa. Hata njia yenyewe ya Dar, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara, mnakumbuka mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja barabara ikakatika Somanga, watu wakakaa siku nzima wanaangalia maji. Kuna wanaotaka kuuza mikorosho yenyewe, shamba la bibi, kwa ajili ya hii kitu. Msiuze. Mgonjwa akitulia kwa dawa atahitaji pa kurudi kufanya kazi.

Anza hospitali iliyo karibu na wewe, Ligula, ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Sokoine kwa watu wa Lindi, Ndanda, Nyangao, waambie unataka kuonana na mtu wa afya ya akili. Nenda na ndugu mmoja anayejua ukweli wote, ikiwezekana yule mjomba ambaye neno lake linasikika kwenye ukoo, kwa sababu bila yeye mgonjwa atarudishwa kwenye harusi na misiba ya kunywa wiki hiyo hiyo. Beba dawa zote anazotumia, hata za mganga, na useme anakunywa kiasi gani kwa siku bila kupunguza.

Mganga ana dawa ya kumwekea kwenye pombe aichukie. Vipi?

Usimwekee mtu kitu asichokijua. Akitapika usiku peke yake amelewa anaweza kupaliwa na kufa, na wewe utakuwa umemuua. Kwisha.

Navuta sigara na nataka niache Ramadhani hii. Mashine na funga vinaendana?

Swali zuri na kwa ukanda huu nashangaa halikuja mapema. Mashine sio chakula wala kinywaji, masuala ya funga kusihi muulize shehe wako, ila mtu anayeamka daku, kalala kidogo na hajanywa maji toka alfajiri, kwake uwezekano wa degedege unapanda, kwa hiyo wenyewe huwa wanasogeza ratiba.

Lakini kwa kuwa mashine huna, tumia mwezi wenyewe. Saa 13 na zaidi kila siku unakaa bila nikotini na hufi, kumbe mwili unaweza, shida ni lile dirisha la baada ya futari. Hapo ndo pa kupiga: usikae na kahawa kibarazani na wavutaji wale wale, nenda tarawehe moja kwa moja, ukirudi piga mswaki ulale. Hamu ikija inapanda kwa dakika chache alafu inashuka yenyewe, ishikie saa. Ukipata bablish ya nikotini famasi itafune usiku. Kuberi na ugoro navyo uvitoe mfukoni siku hiyo hiyo, maana nimeona watu wanaacha sigara wanahamia huko na wanasema wameacha tumbaku.